Samaki mkavu wa Ifakara na sahani ya agari

Mwaka 1997 kipindupindu kililipiga Bonde la Kilombero na kikafunga soko la sangara wa Ziwa Victoria barani Ulaya. Samaki wa kwenda nje akapimwa maabara. Wa kuliwa nyumbani ameendelea kupimwa kwa pua.

Sokoni Ifakara, katika bonde hilo, samaki mkavu hununuliwa kwa macho, pua na vidole. Mnunuzi humwinua kambale aliyekunjwa mpaka mkia ukaingia mdomoni, humbonyeza ubavuni, humnusa, kisha huuliza: "Mama, hawa wamekauka kweli?" Jibu analijua kabla halijatoka: "Shika mwenyewe mwanangu, hata moshi bado unanukia."

Ukaguzi huo una akili yake. Samaki aliyekauka sawasawa ni mwepesi na mgumu, na bakteria hawastawi pasipo unyevu. Wandamba na wavuvi wengine wa bonde hili walijua kubanika na kuanika kambale, perege na kitoga vizazi vingi kabla ya friji kufika.

Ila kidole kina mwisho wake. Hakiwezi kueleza ubao alipolazwa samaki ulioshwa kwa maji ya kisima au ya mto, wala mikono mingapi imempitia tangu kambi ya wavuvi hadi kwenye gunia. Hayo hujibiwa na kitu kingine kabisa: chakula kinachotengenezwa ili kiliwe na bakteria. Wataalamu wa maabara hukiita media, na kazi yenyewe huiita kuotesha.

Mto washukiwa

Mwaka 1997 Tanzania iliripoti wagonjwa 40,249 wa kipindupindu na vifo 2,231. Ifakara haikunusurika. Watafiti wakiongozwa na Camilo Acosta waliwafuatilia wagonjwa 180 wa kwanza waliofika hospitali, na kwa kila mmoja wakatafuta watu wawili wasiougua wa kulinganisha naye. Jumla ya waliolinganishwa ikawa 360. Wote waliulizwa walikula nini, walioga wapi na maji waliyachota umbali gani.

Majibu yalitaja mambo matatu yaliyoongeza hatari: kuoga mtoni, kukaa mbali na chanzo cha maji, na kula samaki wakavu.

Utafiti ungeishia hapo ungekuwa na washukiwa tu. Kilichouongezea nguvu ni maabara. Vibrio cholerae wa kundi la O1, aina ya El Tor, tawi la Ogawa, walioteshwa kutoka kwenye kinyesi cha wagonjwa na kutoka kwenye chanzo kikuu cha maji cha mji. Vinasaba vyao vilipochambuliwa, vyote vilifanana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Marekani la Emerging Infectious Diseases.

Hebu tulitazame hilo kwa makini, maana ndilo kiini cha makala haya. Dodoso linaweza kusema kwamba waliooga mtoni waliugua zaidi. Haliwezi kusema kwamba bakteria aliye tumboni mwa mgonjwa ni yuleyule aliye kwenye maji anayochota jirani yake. Kwa hilo ni lazima umpate bakteria mwenyewe, akiwa hai, umtenganishe na maelfu ya wengine, umzidishe mpaka aonekane kwa macho. Ushahidi dhidi ya samaki mkavu ulitokana na hesabu za majibu ya watu, na ni wa kuheshimiwa. Ushahidi dhidi ya maji ulishikika mkononi.

■ "Dodoso humtaja mshukiwa. Sahani ya agari humleta akiwa hai."

Kijani kinapogeuka njano

Media inayotumika zaidi kumsaka Vibrio wa kipindupindu huitwa TCBS, herufi zinazosimamia thaiosalfeti, sitrati, chumvi za nyongo na sukari ya mezani. Huja ikiwa unga ndani ya kopo. Mtaalamu hupima gramu 89 hivi kwa kila lita ya maji safi ya maabara, hukoroga na kuchemsha mpaka unga wote uyeyuke. Media nyingi husafishwa kwenye mtungi wa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15. Hii haipitishwi humo, kwa sababu joto hilo huiharibu. Ikishapoa kufikia nyuzi 50 humiminwa katika visahani vya Petri, nayo huganda ikiwa na rangi ya kijani iliyokolea.

Kila kiungo kina kazi. Nyongo ya ng'ombe na hali ya alkali, pH 8.6, huwazuia bakteria wengi wa kawaida wa utumbo. Vibrio wa kipindupindu huvumilia vyote viwili. Anapokula sukari hutoa asidi, na rangi iliyochanganywa ndani ya media hugeuka kutoka kijani kuwa njano. Ndugu yake, Vibrio parahaemolyticus, anayepatikana kwenye samaki wa baharini, sukari hiyo haigusi, hivyo makundi yake hubaki kijani.

Samaki hapakwi moja kwa moja kwenye kisahani. Kwanza gramu 25 za nyama yake hukatwakatwa ndani ya mililita 225 za maji ya peptoni yenye alkali na kuachwa kwenye joto kwa saa sita hadi nane. Vibrio hupenda hewa, kwa hiyo hupanda juu. Mtaalamu aliyefundwa vizuri hachoti chini ya chupa. Hugusa utando wa juu kwa kitanzi cha waya, huuchora kwenye kisahani, hukiingiza katika inkubeta ya nyuzi 37 na kusubiri mpaka kesho yake.

Kesho yake, kama yumo, kuna vidoti vya njano vya milimita mbili hadi tatu, laini na vinavyong'aa.

Njano peke yake si hukumu. Kidoti huhamishiwa kwenye media ya kawaida isiyo na nyongo, ndipo vipimo vya uthibitisho vifanyike. Kimoja hakihitaji mashine yoyote: tone la kemikali ya nyongo iitwayo diosikoleti huwekwa kwenye kioo, bakteria hukorogwa ndani yake, kisha kitanzi huinuliwa taratibu. Kama ni Vibrio wa kipindupindu, tone huvutika na kutoa uzi mrefu kama ute wa bamia. Mwisho huwekwa dawa ya kingamwili ya O1, na bakteria wakigandana kuwa chembechembe, jina huandikwa kwenye daftari.

Salmonela ana njia ndefu zaidi. Kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 6579, sampuli huanza kwa kulishwa taratibu ili bakteria waliochoka kwa moshi au chumvi wapate nguvu, ndipo huhamishiwa kwenye maji ya kuwabagua, kisha kwenye visahani vya XLD ambako huota vidoti vyekundu vyenye kitovu cheusi. Kuthibitisha huchukua siku tano hivi.

Mwani wa jikoni

Kinachoigandisha media ni agari, utomvu wa mwani mwekundu. Kabla yake, maabara ya Robert Koch mjini Berlin ilihangaika na vipande vya viazi na jelatini. Jelatini ilikuwa ikiyeyuka kwenye joto lilelile ambalo bakteria wa binadamu wanalihitaji. Mwaka 1881 Fanny Hesse, mke na msaidizi wa mtafiti Walther Hesse, alipendekeza agari aliyokuwa akiitumia jikoni kugandishia vyakula vitamu. Aliifahamu kupitia marafiki waliowahi kuishi Java. Agari huganda ikipoa hadi nyuzi 40 kushuka chini, na haiyeyuki tena mpaka ikaribie kuchemka. Koch aliitaja katika taarifa yake ya kifua kikuu ya mwaka 1882 bila kumtaja mama huyo. Visahani vilifuata mwaka 1887, navyo vikapewa jina la Julius Petri aliyevibuni.

Tanzania ni nchi ya mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wanawake wa Paje na Jambiani wamekifanya kuwa chanzo cha mapato ya nyumba zao. Lakini mwani unaolimwa huko hutoa karajinani, inayotumika viwandani kugandisha maziwa na dawa za meno. Hautoi agari ya maabara. Agari hiyo hutoka kwa mwani uitwao Gelidium, na sehemu kubwa huvunwa Moroko. Mwaka 2015 Moroko ilipobana uvunaji na mauzo ya nje, bei ya jumla ilipanda mara tatu hivi, na maabara za dunia nzima zikaonja uchungu wake.

Kwa hiyo nchi inayouza mwani kwa shehena hununua mwani mwingine kwa makopo ya gramu 500. Kopo lenyewe likishafunguliwa katika hali ya hewa ya Kilombero wakati wa masika, unga hunyonya unyevu na kugeuka mabonge, na mabonge hayaaminiki.

Mwanza ilipimwa, Ifakara ilinuswa

Mlipuko uleule wa 1997 uliofika Ifakara ulifika pia mezani Brussels. Tarehe 23 Desemba 1997 Tume ya Ulaya ilitoa uamuzi wa kuzuia bidhaa za samaki kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Kabla ya hapo Hispania na Italia zilikuwa zimekwisha kulalamikia salmonela katika sangara. Shirika la Afya Duniani lilipinga zuio la kipindupindu, likisema halina msingi wa kisayansi wa kutosha. Zuio liliondolewa katikati ya mwaka 1998.

Fundisho lilieleweka haraka kandokando ya Ziwa Victoria. Viwanda vya minofu vilijenga vyumba vya kupimia, na maabara ya taifa ya ubora wa samaki ya Nyegezi, Mwanza, ikawa mhimili wa biashara hiyo. Shehena isiyo na cheti cha maabara haipandi ndege. Mlaji wa Madrid akala sangara ambaye sehemu yake imekwisha kuoteshwa na kusomwa.

Ifakara haikukosa maabara kwa sababu ya kuwa pembezoni. Mswisi Rudolf Geigy alifika hapa mwaka 1949, mwaka 1957 akaanzisha maabara ya utafiti ya taasisi ya Basel, na mbegu hiyo ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, yenye jina kubwa duniani katika utafiti wa malaria. Jirani yake ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Miji michache ya ukubwa wa Ifakara ina historia kama hiyo ya sayansi.

Tatizo ni mgawanyo wa kazi. Maabara ya hospitali huotesha kinachotoka mwilini mwa mgonjwa: damu, mkojo, kinyesi. Maabara ya utafiti hupima kile kilicholipiwa na mradi. Chakula kina mwenyewe mwingine: tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Chini kabisa yuko afisa afya wa halmashauri, anayepita sokoni na kwa mama lishe akiwa na macho yake na kitabu cha sheria.

Mlaji wa Ifakara anastahili kile alichopewa mlaji wa Madrid. Ni jambo la haki kabla halijawa la kitaalamu.

■ Ukichukua samaki watano kwenye kapu ambalo mmoja kati ya kumi ana bakteria, uwezekano wa kuwakosa wote ni asilimia 59.

Wasioamini kisahani

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kubeza. Ya kwanza ni hesabu hiyo hapo juu. Tuseme katika kila samaki kumi mmoja amechafuka. Mkaguzi akichukua watano bila kuchagua, mara nyingi zaidi ya nusu atatoka na watano safi, atasaini, na kapu litaendelea na safari. Ndiyo maana wataalamu wengi wa usalama wa chakula husema fedha ziende kwanza kwenye visima, vyoo vya kambi za wavuvi na vichanja vya kuanikia. Kupima bidhaa ya mwisho, kwa maoni yao, ni kuchelewa.

Ya pili ni muda. Siku tano za salmonela ni nyingi kwa perege aliyepikwa jana akaliwa jana. Vipo vipimo vya haraka vya ukanda, mfano wa kile cha ujauzito, vinavyotoa jibu la kipindupindu kwa dakika 15 hivi, na mashine za kunakili vinasaba zinazomaliza kwa saa chache.

Watu wa maabara hujibu kwamba ukanda humtambua tu. Haumtoi bakteria wa kumjaribia dawa, na daktari anayetaka kujua kama doksisaiklini bado inafanya kazi anamhitaji huyo bakteria aliyeoteshwa. Mashine ya vinasaba nayo inaweza kuokota mabaki ya bakteria waliokwisha kufa kwa moshi, ikamtia hatiani samaki asiye na madhara.

Ya tatu haitoki maabara. Ni hofu ya muuzaji. Kila kipindupindu kinapoingia mjini, meza ya mama lishe na beseni la matunda yaliyomenywa ndivyo huondolewa kwanza. Ilikuwa hivyo katika mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015, uliokuja kuzidi wagonjwa 30,000 nchi nzima. Mwanamke mwenye mtaji wa gunia moja la samaki husikia neno kupimwa akawaza kufungiwa. Hakuna aliyemweleza kwamba kipimo kinaweza pia kumsafisha. Amri ya jumla huwapiga wote, mchafu na msafi. Matokeo ya maabara huweza kutaja kisima kimoja, au kichanja kimoja, na kuwaacha wengine wauze.

Kiporo

Suala halikomei kwa samaki. Bonde hili ni ghala la mpunga, na wali uliolala ni chakula cha asubuhi katika nyumba nyingi. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huishi kwenye udongo na hufuata punje za mchele akiwa katika hali ya mbegu ngumu isiyokufa kwa kuchemshwa. Sufuria ikikaa usiku kucha kwenye joto la Ifakara, mbegu huchipua, na aina fulani huacha sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haiharibiwi na moto wa kupasha.

Bakteria huyo huonekana kwenye media ya MYP, yenye ute wa yai na sukari ya manitoli: makundi ya waridi yaliyozungukwa na ukungu mweupe. Hapa kisahani kina udhaifu wake. Kiporo kilichopashwa moto mkali kinaweza kuwa na bakteria wachache na sumu nyingi, na media haioteshi sumu. Familia ikitapika saa mbili baada ya kula, mabaki yaliyopoa sufuriani ni ushahidi mzuri kuliko yaliyopashwa, na mara nyingi ndiyo hutupwa kwanza.

Zaidi ya kilomita 400

Kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400. Sampuli ya chakula kibichi inatakiwa isafiri kwenye barafu na ianze kupimwa ndani ya siku moja au mbili. Daraja la Magufuli, lenye mita 384 juu ya Mto Kilombero, lilifunguliwa mwaka 2018 na kuondoa adha ya kivuko kwa wa Ulanga na Malinyi. Bado, afisa afya wa Mlimba mwenye samaki anayemtilia shaka wakati wa masika ana safari ndefu kabla ya kisahani.

Kuna njia za kufupisha. Kinyesi cha mgonjwa kikiwekwa kwenye media ya kusafirishia iitwayo Cary-Blair, Vibrio hubaki hai kwa siku kadhaa bila barafu. Chakula kinaweza kuanza kulishwa maji ya peptoni palepale kilipochukuliwa. Na kwa ukaguzi wa kila siku si lazima kumsaka Vibrio au salmonela moja kwa moja: E. coli hueleza kama kinyesi kimegusa chakula, naye huota kwa siku moja kwenye media aliyoibuni Alfred MacConkey wa Liverpool mwanzoni mwa karne iliyopita, akiacha vidoti vya waridi. Visanduku vya kupimia maji vinavyotumia betri humtafuta huyo huyo kwenye visima vya vijijini. Ubao wa samaki unaweza kufutwa kwa pamba na pamba hiyo ikapimwa kwa namna hiyo hiyo.

Linalobaki ni nani alipe. Halmashauri hutoza ushuru wa samaki anayeingia na kutoka, na ushuru huo humgusa kila mwenye gunia. Kopo moja la TCBS la gramu 500 hutoa lita 5.6 hivi za media. Kwa mililita 20 kila kisahani, hiyo ni visahani 280. Samaki watano kila wiki, kisahani kimoja kwa kila mmoja, mwaka mzima, ni 260. Ishirini vinavyobaki hutosha kuhakiki kwamba media yenyewe ni nzima.